Mfupa Mpya wa Mpiga Tarumbeta

Juzi mmoja wenu aliniuliza swali pale kliniki, akiwa ameegemea ile mashine mpya inayozunguka kichwa cha mgonjwa na kutoa picha ya mifupa pande zote. "Mama Docta, zamani mulikuwa munafanya je bila hii?" Nikamjibu kwa mzaha kwamba tulikuwa tunasali. Akacheka, akaenda kwa mgonjwa wake. Niliporudi nyumbani niliona jibu lile lilikuwa la uvivu, na mimi sasa nimestaafu, uvivu wangu hauna kisingizio cha kazi. Kwa hiyo leo nawajibu vizuri, ninyi nyote mliovaa blouse nyeupe za udaktari na kudhani kwamba kuinua sakafu ya sinusi kulianza siku mlipoingia chuo.

Tuanze na kitu chenyewe, maana najua wapo wenzenu wa mapokezi na wa usafi wanaosoma pia, na wao ndio wanaoulizwa na wagonjwa mlangoni kabla yetu. Juu ya meno ya nyuma, kwenye taya la juu, kuna chumba cha hewa ndani ya mfupa wa shavu. Hicho ndicho sinusi. Mtu aking'oka meno yale, mfupa uliokuwa ukiyashika unakosa kazi, na mfupa usio na kazi hujiondokea polepole. Chumba nacho kinashuka, kama mpangaji anayesogeza ua wake kidogo kidogo wakati mwenye shamba yuko safarini. Baada ya miaka, kati ya mdomo na chumba kile hubaki mfupa mwembamba kama ganda. Ukitaka kufunga jino la skrubu humo, skrubu haina pa kushika. Itatumbukia chumbani, nawe utaitafuta kwa aibu.

Kwa hiyo tunafungua dirisha dogo ubavuni mwa mfupa. Ndani tunakuta ngozi laini sana imetandikwa ukutani mwa chumba kile. Tunaiinua taratibu bila kuitoboa, chini yake tunajaza chembe za mfupa, tunashona, tunangoja miezi mfupa mpya ukomae. Nimeieleza kazi hii kwa maneno machache. Kuijifunza kulinichukua sehemu nzuri ya ujana wangu.

Aliyenifundisha ni Docta Banza. Alikuwa mtu mrefu, mtoto wa fundi wa reli aliyetoka kaskazini, mwenye vidole vinene ambavyo ukiviona ungesema ni vya kufungulia matairi. Lakini vidole vile vikishika chombo, vilikuwa vyepesi kama vya mtu anayeondoa nzi kwenye uso wa mtoto aliyelala. Yeye alijifunzia Ulaya, akarudi Lubumbashi, akafungua kabine yake ya meno katika nyumba iliyokuwa na mlango unaokwama wakati wa mvua. Siku nilipomwambia nataka anifundishe kuinua sinusi, hakunipa kitabu. Alinipa trei ya mayai mabichi.

"Chora dirisha juu ya yai," aliniambia. "Kisha toa ganda tu. Ile ngozi ya ndani ibakie. Yai ikivuja, unakula."

Nilikula mayai mengi, wanangu. Mashine ya kutoboa ikigusa ganda kwa pupa kidogo tu, ute unakurukia usoni. Blouse yangu ilinuka omleti, nywele zangu zilinuka omleti. Yaliyobaki nilipeleka nyumbani, na watoto wangu walikula bukari, ugali wetu, na mayai, wali na mayai, mkate na mayai, mpaka mkubwa wao akaniuliza kama kuku wote wa Katanga wameamriwa kutulisha sisi. Docta Banza alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Nikiharakisha alisema neno lile lile: "Kabange, kuko treni unakimbilia?"

Nilipoweza mayai, akanituma soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kununua vichwa vya mbuzi. Kichwa cha mbuzi si kichwa cha mtu, lakini mfupa ni mfupa, na ngozi ya ndani inafundisha. Mama aliyeniuzia alinitazama Jumamosi ya kwanza, ya pili, akavumilia. Baadaye uvumilivu ukamwisha.

"Mama, kila siku ya posho unakuya kukamata kichwa. Nyama ingine ilikukosea nini?"

"Ni ya kujifunzia kazi, mama."

"Kazi gani inajifunziwaka na kichwa ya mbuzi?" Alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Uko unatafuta bwana, ao uko unatafuta kufukuza mwenye uko naye?"

Nilimweleza habari za meno. Hakusadiki hata kidogo, lakini tangu siku ile alinichagulia vichwa vizuri, na mara kwa mara alinikonyeza.

Jambo ambalo vichwa vile vilinifundisha, na mashine yenu ile nzuri haitawafundisha, ni kusikiliza. Mfupa mnene ukiusaga unatoa sauti nzito. Ukikaribia kwisha, sauti inapanda, inakuwa nyembamba. Na rangi inabadilika: palipokuwa peupe panaanza kuwa na kivuli cha samawati, kama ukucha uliobanwa na mlango. Hapo mkono ukome. Fanyeni bila muziki. Naona siku hizi mnaweka muziki chumbani. Wekeni wakati wa kusafisha meno, lakini siku ya sinusi zimeni, sikio lina kazi.

Sasa niwaambie habari ya Papa Célestin Ilunga.

Wakati huo Docta Banza alikuwa ameacha kupasua. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na alikuwa mkweli vya kutosha kuacha mwenyewe kabla ya kuambiwa. Kila asubuhi alikuja kabine, akakaa kwenye kiti cha ukumbini, akasalimiana na wagonjwa kama padri mstaafu. Mimi nilibaki nikiendesha kazi pamoja na nesi wetu Rosalie. Kazi ya kuinua sinusi nilikuwa nimeifanya mara kadhaa, lakini siku zote vidole vya Muzee Banza vilikuwa karibu na vyangu. Peke yangu, bado. Wagonjwa wa aina hiyo nilikuwa nawaambia waende Afrika ya Kusini. Wenye uwezo walikwenda. Wengine waliondoka na pengo lao.

Papa Célestin aliingia akiwa amevaa koti na tai, mkononi ameshika kasha jeusi la tarumbeta. Nyuma yake alikuja mkewe, Mama Véro, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Mzee alikuwa kiongozi wa fanfari ya parokia yao, bendi ya tarumbeta na ngoma. Baba yake alipiga tarumbeta katika fanfari hiyo, na babu yake, aliyekuja kujenga reli, aliipiga kabla yao. Taya lake la juu halikuwa na jino hata moja. Alikuwa na meno ya kuvaa, yale ya sahani.

"Docta," alisema, "miye sikukuya juu ya kula. Bukari haiombe meno. Nilikuya juu ya hii." Akaweka kasha juu ya meza yangu, katikati ya vyombo.

"Mwambie vile ilifanyika," mkewe akasema.

"Wacha."

"Kama hauseme, miye ntasema."

Akasema mkewe. Ilikuwa maziko ya mzee mmoja mkubwa wa parokia. Kanisa limejaa, jeneza linatoka, fanfari imejipanga uani. Papa Célestin akajaza kifua, akapuliza sauti ya kwanza, ile ndefu ya kuita wengine. Upepo ukaingia chini ya sahani ya meno, sahani ikang'oka, ikatoka mdomoni nzima nzima, ikaning'inia kwenye mdomo wa tarumbeta mbele ya wafiwa.

"Meno yote ilikuwa inacheka bantu," Mama Véro alisema. "Na bantu banacheka meno. Padiri naye alijificha nyuma ya kitabu, mabega inatikisika. Mujane wa marehemu ndiye mwenye alicheka wa kwanza!"

Rosalie alilazimika kutoka nje. Mimi niliuma shavu. Lakini nilimtazama mzee, na yeye hakucheka. Alikuwa anatazama kasha lake. Aliniambia kwamba alijaribu gundi ya meno, alijaribu hata gundi ya kuziba mipira ya baiskeli, ikamuunguza ufizi. Tangu maziko yale hakupiga tena. Jioni alikuwa anakaa uani na kusafisha tarumbeta kwa kitambaa, kisha anairudisha kashani.

Tulipiga picha ya radio, ile ya eksirei. Mbele mfupa ulikuwa mzuri. Kushoto ulikuwa umebaki wa kutosha. Kulia, nyuma, chumba kilikuwa kimeshuka mpaka ukingoni, na mfupa uliobaki ulionekana kama mstari wa penseli. Kama ningepata mfupa pale kulia, ningeweza kumfungia meno yasiyotoka hata akipulizia ukuta. Nisipoupata, daraja lote la meno lingesimama kwa mguu mmoja.

Nikamwambia kama nilivyozoea kuwaambia wengine, kwamba kazi hii inafanyika Johannesburg. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa kwa adabu, akachukua kasha lake. Alikuwa amefika mlangoni, ule unaokwama, anahangaika nao, Docta Banza alipoita kutoka kitini pake ukumbini.

"Kabange! Ile mayai yote ulikula juu ya nini?"

Nilisimama pale na picha mkononi. Niliogopa, sitawaficha. Nilimwogopea mzee yule kuliko nilivyojiogopea mimi, maana alikuwa na kitu kimoja tu alichotaka duniani, nacho kilikuwa kwenye kasha. Lakini nilimwambia arudi akae. Tukaanza kupatana.

Hapa kijana asikilize. Nusu ya kazi hii inafanyika kabla ya sindano, kwenye mazungumzo. Niligundua kwamba Papa Célestin alikuwa mtu wa tumbaku ya kunusa. Alikuwa na kikopo chake mfukoni, na kila baada ya kunusa alipiga chafya ya kutikisa madirisha. Sasa fikirieni: unaweka chembe za mfupa chini ya ngozi nyembamba, na mgonjwa anapiga chafya kama bunduki. Chembe zote zinaruka.

"Tumbaku iishe leo," nilimwambia. "Kupenga kamasi, hapana. Kunywa na mrija, hapana. Chafya ikikuya, fungua mdomo wazi, usiifunge. Na tarumbeta, mpaka siku nitakuambia miye."

"Mpaka wakati gani?"

"Tutapasua mvua ikianza. Tungoje mvua yote ipite. Kiangazi tutaweka vis, ile skrubu ya meno. Kisha tungoje tena."

Akavuta kasha lake magotini. "Docta, unaniambia nikufe?"

"Hapana kufa, papa. Kunyamaza tu."

"Kwangu ni kitu kimoya."

Mama Véro akanyoosha mkono, akaingiza mfukoni mwa mumewe, akatoa kile kikopo cha tumbaku, akakitia katika mkoba wake. "Docta, endelea," akasema. "Huyu mutu niko naye."

Mtauliza kwa nini nilichagua mvua. Ninyi mnaijua Lubumbashi wakati wa kiangazi: upepo, vumbi jekundu, malori ya migodi yanapita, mji mzima unapiga chafya. Mvua ikinyesha vumbi linalala. Hilo halimo katika vitabu vya Ulaya. Ubaya wa mvua ni umeme kukatika, ndiyo maana nilikuwa na taa ya kuvaa kichwani, ya wachimbaji, niliyoinunua Kipushi. Wenzangu waliicheka mpaka mara ya kwanza umeme ulipokatika katikati ya kazi.

Siku yenyewe ilifika asubuhi yenye mawingu. Papa Célestin alilala kitini akiwa macho, maana ganzi tulimpa ya mdomo tu. Tulipatana ishara: akihitaji chochote, ainue mkono wa kushoto, asiseme. Docta Banza aliomba aingie. Alikaa kwenye kigoda pembeni, macho yake ameyafumba kwa sababu hayakumsaidia kitu, masikio yake yakifanya kazi.

Nilifungua ufizi, nikaona mfupa. Nikaanza kuchora dirisha. Sauti ilikuwa nzito, nzito, kisha ikaanza kupanda. "Pale," Docta Banza alisema, na mimi nilikuwa nimeshakoma. Ile rangi ya samawati ilikuwa imetokea. Nikaona ngozi yenyewe, na ilikuwa inapanda na kushuka. Mgonjwa akivuta pumzi, inapanda. Akitoa, inashuka. Kila mara nilipoiona, hata miaka ya mwisho, nilikaa kidogo kuitazama. Ni pumzi ya mtu unaiona kwa macho.

Nikachukua kijiko kidogo cha kuinulia, nikaanza kutoka chini, nimeegemea mfupa, bila kuisukuma ngozi. Ilikuwa inakubali. Nilikuwa nimefika nusu nilipoona kwa pembe ya jicho mkono wa kushoto unapanda.

"Anataka nini?" Rosalie aliuliza.

Mimi nilijua. Nilikiona kifua chake kinajaa. Kifua cha mpiga tarumbeta kikijaa, wanangu, kinajaa kweli.

"Toa kila kitu!" Nikatoa kijiko changu, Rosalie akatoa bomba la kunyonya. "Papa, mdomo wazi! Wazi!"

Alifungua mdomo kama mlango wa kanisa. Chafya ile ilitikisa trei ya vyombo, kofia ya Rosalie ikaondoka kichwani. Kisha chini ya kitambaa tulisikia sauti ndogo ya mzee: "Mubarikiwe."

Niliwasha taa ya kichwani, nikatazama ndani. Ngozi ilikuwa bado inapumua, lakini pembeni mwake palikuwa na tundu. Dogo, kama la sindano ya kushonea nguo. Mkono wangu ulitaka kwenda palepale kwenye tundu, kulishika, kulifunga. Msije mkafanya hivyo. Ukilifuata tundu, linafunguka kama soksi iliyochanika.

"Imepasuka?" Docta Banza aliuliza.

"Kidogo, Muzee."

"Toka mbali nayo."

Ni hayo tu aliyosema. Sikuhitaji mengine. Niliacha tundu, nikaenda upande wa pili kabisa wa dirisha, nikainua ngozi kule ilikokuwa nzima, nikaja nikizunguka, kutoka mbali, nikiilegeza kila upande. Ngozi ilipolegea, ikajikunja yenyewe juu ya tundu, na tundu likawa dogo zaidi. Nikakata kipande cha kitambaa cha kolajeni, kile kinachoyeyuka mwilini, nikakiweka chini yake kama kiraka. Kikashika. Nikamwambia mzee avute pumzi polepole. Ngozi ikapanda na kiraka chake. Akatoa, ikashuka. Hakuna povu, hakuna hewa iliyovuja.

Nilijaza chembe za mfupa, zilizochanganywa na damu yake mwenyewe, bila kuzishindilia. Nikafunga, nikashona. Umeme ulikatika wakati wa uzi wa mwisho, na hakuna aliyeshtuka, maana taa yangu ya Kipushi ilikuwa inawaka. Rosalie alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilivua glavu, nikaenda kwa Docta Banza, nikapiga goti mbele ya kigoda chake. Akapapasa hewani mpaka akapata kichwa changu.

"Sasa hii njo kazi yako," akasema.

Sijasahau kwamba si kila mara mambo yalikwenda hivyo. Kijana mmoja mchimbaji wa Kambove alirudi shimoni mapema na sigara mdomoni, kidonda kikaoza, ikanibidi kutoa chembe zote na kuanza upya mwaka uliofuata. Alilia, nikalia naye, kisha tukaanza. Mara ya pili alikaa kwa shangazi yake na hakugusa sigara, na leo anatafuna mahindi makavu kwa makusudi mbele yangu kila tunapokutana.

Turudi kwa Papa Célestin. Mvua ilikuwa katikati, anaendelea vizuri, uvimbe umekwisha, nilipopata habari kutoka kwa Rosalie, ambaye aliishi mtaa wa jirani na wao. Aliingia kazini bila hata kusalimu.

"Docta, kule kwa Papa Célestin tarumbeta inalia. Jana ilikuwa inalia. Na juzi vile."

Sikuvua hata blouse. Tulikwenda na Rosalie kwa gari langu, mimi njia nzima nikiandaa maneno. Niliona kila kitu kimeharibika: ngozi imepasuka, chembe zimetawanyika, maombi na mayai vyote bure. Tulipokaribia nyumba tulisikia wenyewe. Tarumbeta ilikuwa inalia kweli, lakini ilikuwa inalia vibaya sana, kama mbuzi aliyebanwa na mlango.

Nikaingia uani bila kubisha. Papa Célestin alikuwa amekaa kitini, mdomo umefungwa, mikono juu ya magoti, mtu mtiifu kabisa. Mbele yake alikuwa amesimama Mama Véro, mashavu yamevimba, macho yamemtoka, anapuliza.

"Mama Docta!" alisema akihema. "Usitukane. Siye yeye. Tarumbeta inaomba pumzi. Ikikaa bure inashikana ndani. Yeye ulimukataza, miye haukunikataza."

"Anapiga mubaya," Papa Célestin alisema kwa huzuni.

"Nafundishwa mubaya!"

Tulicheka sote mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nilimpima mzee palepale, kila kitu kilikuwa mahali pake. Tangu siku ile kila jioni yeye alifundisha na mkewe alipuliza, na Rosalie aliniletea habari: leo mbuzi ameachiliwa mlango, leo ni kama bata, leo, Docta, hutaamini, ilikuwa wimbo.

Kiangazi kilipofika nilipiga picha mpya. Palipokuwa na mstari wa penseli, sasa palikuwa na mfupa mweupe, mnene, umejaa hadi juu. Nilitoboa mahali pa skrubu, na mashine ikatoa ile sauti nzito niliyoipenda tangu siku za mbuzi. Mfupa wa kweli. Tuliweka skrubu zote, tukangoja tena. Siku ya kuzijaribu, Docta Banza aliomba mkono wake uongozwe. Akagonga moja moja kwa mpini wa kioo cha mdomo. Skrubu isiyoshika inatoa sauti ya kufa, kama mti uliooza. Zile zililia, ting, ting, ting, kulia sawa na kushoto. Alizigonga mara ya pili, nadhani kwa raha tu.

Habari zilisambaa kabla meno hayajafungwa. Watu walianza kuja. Mama mmoja muuza samaki wakavu alitoka Pweto na kifurushi cha zawadi, na chumba changu cha kupasulia kikanuka ziwa kwa siku kadhaa. Hakuna aliyejua jina la kidaktari la kazi ile. Walifika mapokezi, wakaonyesha shavu, wakasema: "Tunatafuta ile ya tarumbeta." Mpaka leo, mkisikia mgonjwa mzee anaomba "ile ya tarumbeta," msimsahihishe. Andikeni tu.

Sikumwambia mtu tena aende Johannesburg.

Sikukuu ya parokia yao iliangukia baada ya mvua kurudi, meno yamefungwa na ruhusa ya kupuliza nimeshaitoa. Nilikwenda na watoto wangu, Rosalie akamshika Docta Banza mkono. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa, akina mama wa chama cha parokia wamevaa vitambaa vya sare, harufu ya udongo uliolowa imetanda. Fanfari ikatoka ikiwa imejipanga. Papa Célestin alikuwa mbele, koti lake jeupe, meno yake mapya yaking'aa, na watu walianza kunong'onezana, maana maziko yale hayakuwa yamesahauliwa. Niliwaona vijana wawili wakigusana viwiko, wakisubiri.

Yeye alisimama. Akajaza kifua. Nami, daktari mwenye uzoefu, nilifumba macho.

Sauti ikatoka. Ndefu, safi, bila kutetemeka, ikapita juu ya uwanja, juu ya mabati ya shule, ikaenda hadi barabarani mahali malori yalipokuwa yamesimama. Aliishika, akaishika, akaishika. Watu walianza kupiga kelele kabla hajamaliza. Akina mama walipiga vigelegele, wale vijana wawili walikuwa wanaruka. Docta Banza hakuona kitu, lakini alikuwa anainua mkono wake juu, ameukunja ngumi, kama mtu ambaye timu yake imefunga bao.

Fanfari nzima ikaingia. Na kutoka katikati ya akina mama wa chama, Mama Véro akachomoka na tarumbeta ya kuazima, kilemba kimekaa upande, akajipanga kando ya mumewe bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Papa Célestin alimtazama kwa jicho moja bila kuondoa mdomo, akasogea kidogo kumpa nafasi.

Wakapiga pamoja, wakaondoka na maandamano, na sisi sote tukawafuata.